Nani Huitikia? Kumbukumbu za Sauti na Picha za Wamaasai wa Kajiado na Kazi ya Uhakiki

Tangu M. M. Mulokozi alipochapisha makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi katika Mulika 21 mwaka 1989, imekuwa vigumu kwa mhakiki wa Kiswahili kuijadili fasihi hiyo kana kwamba ni maneno matupu. Fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati vimekubalika kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Ajabu ni kwamba kanuni hii huachwa mlangoni mara kazi inapoingia makavazini. Kanda hupewa namba, jina la kabila, wilaya na aina ya wimbo, kisha huhesabiwa kuwa imehifadhiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba maelezo hayo mafupi ya katalogi ni uhakiki, tena wenye nguvu kuliko mwingi unaochapishwa, kwa kuwa ndio unaoamua nani ataipata kazi na ataisikiaje. Mara nyingi uhakiki huo hufanywa bila ya hadhira ambayo kazi ilitungwa nayo.

Baraka za wazee wa Kimaasai ni mfano ulio wazi. Mzee hutamka kifungu na waliokaa huitikia "Naai", wakimtaja Mungu, kifungu baada ya kifungu hadi mwisho. Mwitikio huo si pambo. Ndio unaoyapokea maneno na kuyafanya baraka. Bila yake mzee amesema tu. Sasa kinasa sauti kikielekezwa kinywani mwa mzee, yeye hutoka akiwa mtunzi wa pekee na wenzake hubaki mvumo wa nyuma. Miaka mingi baadaye fundi anayeihamisha kanda kwenye kompyuta huusikia mvumo ule kuwa kelele, akaupunguza ili "sauti iwe safi". Amehariri matini bila kujua kwamba amehariri. Ustadi wake haukupungua. Kilichokosekana chumbani ni mtu mmoja aliyewahi kuitikia.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Filamu zinazojulikana sana kuhusu wanawake wa Kimaasai zilitokana na utafiti wa Melissa Llewelyn-Davies huko Loita, Narok, magharibi ya Kajiado. Masai Women (1974) na Masai Manhood (1975) zilitolewa na televisheni ya Granada ya Uingereza katika mfululizo ulioitwa Disappearing World, yaani ulimwengu unaotoweka. Jina la mfululizo lastahili kuhakikiwa kama jina la riwaya. Linamwambia mtazamaji kwamba anachokiona kinakwisha, na kwamba kamera imewahi. Kinachokwisha hakihitaji kurudishiwa mtu, maana inadhaniwa kuwa wa kumrudishia hatakuwapo. Haki itendeke, hata hivyo: The Women's Olamal (1984), filamu ya baadaye ya mtaalamu huyo huyo, inaipita dhana hiyo kwa mbali. Ndani yake wanawake wanabishana na wazee juu ya sherehe ya kubarikiwa uzazi, na mabishano ndiyo uti wa filamu. Katalogi ikiiandika "ibada ya uzazi, Wamaasai" imehifadhi ibada na kupoteza ubishi.

Dhana ya kutoweka ilipata jibu lake Kajiado kwenyewe. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Septemba 2020, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya Korona, maelfu ya wanaume walikusanyika vilima vya Maparasha kwa Olng'esherr, sherehe ya kula nyama inayowavusha kutoka umorani hadi uzee. Wapiga picha wa mashirika ya habari walikuwapo. Picha zao zilienea duniani siku hizo hizo, zikiwa na maelezo ya mistari michache kwa lugha za ng'ambo. Ni kumbukumbu za thamani, na hapana sababu ya kuzibeza. Lakini anayeivushwa rika katika picha hizo yu hai, ana simu, na anaweza kuulizwa ni wimbo gani ulikuwa ukiimbwa na nani aliuongoza. Hifadhi ya namna hii haina udhuru wa kutomjua fanani wake.

Kitengela huleta ugumu mwingine, nao ni mahali. Ardhi ya ranchi ya kikundi ya Kitengela ilianza kugawanywa mwaka 1988. Baada ya hapo viwanda vya Athi River, ua na nyumba za kupangisha vilibadili sura ya uwanda wa Ilkaputiei, na wakazi wakaja kutoka kila pembe ya Kenya. Wimbo wa kumsifu ng'ombe hutaja malisho na maji yake. Uliorekodiwa kabla ya ugawaji huo hutaja mahali ambapo leo pana lango na mlinzi, na neno "Kajiado" kwenye lebo halimsaidii msikilizaji hata kidogo. Mzee au bibi anayejua mahali penyewe akiketishwa mbele ya kanda, atakayoyasema ni maelezo ya chini ya matini, sawa na yale ambayo mhariri wa utenzi wa zamani huyatafuta kwa miaka.

Mfano wa kushirikisha jamii upo Laikipia. Mwaka 2008 wanajamii wawili wa Kimaasai na mtaalamu mmoja wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walikwenda Marekani chini ya mpango wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani, wakafunzwa kunasa na kuhifadhi katika Maktaba ya Bunge na Chuo Kikuu cha Duke. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijadi nayo inadai ridhaa ya jamii. Lakini jamii ni nani? Ridhaa ikitolewa na wazee peke yao, ubishi wa olamal umeamuliwa kwa upande mmoja kabla ya kusikilizwa.

Jambo hili si la nadharia tu. Kanda za zamani zina nyimbo za tohara ya wasichana, tendo lililopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Nyimbo zenyewe ni ushairi, na mhakiki atazitaka. Jopo la wazee laweza kuzifungua kwa fahari, na mwanaharakati akazifungia kwa nia njema, kila mmoja akisema kwa niaba ya jamii. Msichana aliyeimbiwa, ambaye uso wake waonekana na jina lake lasikika, huenda leo ni bibi mwenye wajukuu Kitengela. Wa kuulizwa kwanza ni yeye.