Kauboi asiye na kitovu

Mwaka 1954 kampuni ya Philip Morris ya Marekani ilikuwa na sigara isiyouzika. Marlboro ilikuwa imeingia sokoni tangu 1924 kama sigara laini ya wanawake wa mjini, na kwa muda ncha yake ilitiwa rangi nyekundu ili alama za rangi ya mdomo zisionekane. Miaka 30 baadaye bado ilikuwa chapa ndogo ambayo wauza sigara wengi wangeiacha ife bila kuililia.

Ila hali ya soko ilikuwa imebadilika. Desemba 1952 jarida la Reader's Digest lilichapisha makala iliyohusisha sigara na saratani, na mwaka uliofuata watafiti Ernst Wynder na Evarts Graham walionyesha kwamba lami ya sigara, ikipakwa kwenye ngozi ya panya, huleta uvimbe wa saratani. Wavutaji wakashtuka. Viwanda navyo vikakimbilia filta, vikiwaacha wateja waamini kwamba kipande kile cha nyuzi mdomoni kitawakinga. Kikwazo ni kwamba filta ilionekana mambo ya kike. Mwanamume aliyeogopa saratani aliogopa pia kuonekana anaogopa.

Kazi iliyopelekwa kwa wakala wa matangazo Leo Burnett, mjini Chicago, ilikuwa basi kumuuzia mwanamume dawa ya hofu bila kuitaja hofu yenyewe. Namna kazi hiyo ilivyofanywa inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu matangazo mengi yanayomzunguka msomaji leo, ya simu, ya bia, ya sabuni, hadi ya mikopo, yamejengwa kwa ufundi uleule.

Hatua ya kwanza ilikuwa mkono. Matangazo ya mwaka 1955 hayakuwa ya kauboi peke yake. Walikuwemo mabaharia, marubani, wawindaji na wengineo. Kilichowaunganisha ni chale ya wino iliyochorwa nyuma ya kiganja, ile ambayo wanajeshi na mabaharia walizoea kuwa nayo. Mkono huo ulisogezwa mbele ya kamera, umeshika sigara au unaiwasha. Hapakuwa na maelezo ya chale ile imetoka wapi. Mtazamaji aliachiwa ajaze mwenyewe: huyu amepigana vita, huyu ametembea, huyu ana mambo asiyoyasema.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu jinsia kwenye matangazo, alikusanya mamia ya picha na kuonyesha kwamba mikono ya wanaume hushika, hukaza na hutumia kitu, ilhali ya wanawake hugusa kwa ncha za vidole, hupapasa, au hukipakata kitu. Ukiitazama picha ya Marlboro kwa jicho hilo, unaona kuwa chapa ileile iliyokuwa ikishikwa kwa ncha za vidole imehamishiwa kwenye ngumi. Si tumbaku iliyoigeuza sigara hiyo kuwa ya kiume. Mkono ulioishika ndio uliobadilika, pamoja na pakiti: boksi gumu lenye kifuniko cha kufyatua, rangi nyekundu iliyokatwa kwa pembe kali.

Hatua ya pili ilikuwa kuchagua. Inasimuliwa kwamba Burnett aliwauliza wenzake ni taswira gani ya kiume kuliko zote, na mmoja akajibu: kauboi. Mara nyingi hutajwa pia picha za Leonard McCombe zilizotoka kwenye jarida la Life mnamo Agosti 1949, zikimwonyesha Clarence Hailey Long, msimamizi wa ranchi ya JA huko Texas, uso umekunjamana kwa jua na sigara mdomoni. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 mabaharia na marubani walikuwa wameondolewa. Akabaki mpanda farasi, na mahali pake pakapewa jina: Nchi ya Marlboro. Muziki wa Elmer Bernstein kutoka filamu ya mwaka 1960, The Magnificent Seven, ukawekwa chini ya kwato za farasi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye ufundi mkubwa zaidi, nayo haionekani kwa sababu ni ya kukata.

Kauboi wa kweli, yule wa njia za ng'ombe kutoka Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa kibarua. Alilipwa takriban dola 25 hadi 40 kwa mwezi, ng'ombe hawakuwa wake, farasi mara nyingi hakuwa wake, na alipochoka na ujira huo aligoma kama mfanyakazi mwingine yeyote: mwaka 1883 makauboi wa kaskazini mwa Texas waliweka zana chini wakidai dola 50 kwa mwezi, wakashindwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mmoja kati ya wanne kwenye misafara ile alikuwa mtu mweusi. Ufundi wenyewe wa kurusha kamba, tandiko lake na hata rodeo vilitoka kwa wachungaji wa Meksiko. Kauboi halisi alikula kwa pamoja, alilala kwa zamu, na aliamriwa.

Sasa mtazame wa kwenye bango. Ni mzungu. Yuko peke yake, au na wenzake wachache wasiosemezana. Hana bosi wala siku ya mshahara, hana mke, hana mama, hana deni. Hazungumzi. Kila kilichomfanya awe mtu mwenye shida za watu kimefyekwa, na nafasi iliyobaki imejazwa na anga. Mfanyakazi wa ofisini huko Ohio, aliyekuwa na bosi, deni la nyumba na saa ya kuingia kazini, aliuziwa kwa senti chache picha ya mtu asiye na kimojawapo kati ya hivyo.

Hapa ndipo vinapotengana vitu viwili ambavyo wasomi wa masoko hupenda kuvichanganya: taswira kongwe na dhana mgando. Tangu Margaret Mark na Carol Pearson walipotoa kitabu chao mwaka 2001, wakiegemea nadharia za Carl Jung, wakala wengi wa matangazo hufanya kazi na orodha ya taswira kongwe 12: shujaa, mwasi, mtawala, mlezi, mtafutaji na kadhalika. Kila chapa huulizwa wewe ni yupi. Marlboro huwekwa kirahisi kwenye kundi la mtafutaji, au la shujaa. Lakini taswira kongwe, jinsi jamii zinavyoihifadhi kwenye hadithi, haikuwahi kuwa tupu namna hiyo.

Mchukue Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Waswahili. Naye ni jabali la mtu, hodari wa upinde, anayetisha watawala. Ila Liyongo ana mama anayemwokea mkate wenye tupa ndani yake ili akate minyororo gerezani. Ana Saada, kijakazi anayeupeleka mkate huo. Ana mtoto wa kumzaa anayenunuliwa na Sultani wa Pate ili amuue. Na ana kitovu: hafi ila kwa sindano ya shaba ikichomwa hapo. Jamii iliyomtunza Liyongo haikuogopa kumpa mahali pa kufia, kwa kuwa ndipo msikilizaji anapomtambua kuwa ni mwenzake. Shujaa wa tangazo ameondolewa kitovu. Dhana mgando, ile picha bapa ya kabila, jinsia au kazi fulani, mara nyingi ni taswira kongwe iliyokatwa kila kinachoweza kumletea muuzaji maswali.

Na picha iliyokatwa vizuri hivyo haihitaji maneno. Sheria ya Marekani ilipozima matangazo ya sigara kwenye redio na televisheni tarehe 2 Januari 1971, chapa zilizotegemea nyimbo na vichekesho ziliumia. Marlboro ilihamia magazetini na kwenye mabango kwa urahisi, kwani kauboi wake hakuwa na la kusema tangu hapo. Mwaka 1972 ilikuwa sigara inayouzwa kuliko zote duniani. Nchini Uingereza, ambako kanuni za matangazo ya sigara zilikuja kuzuia mashujaa wa aina hiyo, mabango yalionyesha miamba na jangwa tu, bila mtu, na watu wakaelewa. Kuanzia 1980 msanii Richard Prince alizipiga picha upya picha hizo magazetini akiacha nje maandishi yote. Mwaka 2005 mojawapo iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni moja. Hakuna ushahidi bora kuliko huo wa jinsi picha ilivyokuwa imejitosheleza.

Wakala walijua pia kwamba uongo mkubwa unahitaji ukweli mdogo mdogo. Wanamitindo walikalia tandiko vibaya. Ndipo walipoanza kutafuta watu wa ranchi, na mwaka 1968 wakampata Darrell Winfield huko Wyoming, mchungaji wa kweli, aliyebaki kuwa uso wa Marlboro kwa karibu miaka 20. Kofia yake ilikuwa imechakaa kwa kazi. Mikunjo ya uso wake ilikuwa ya jua halisi. Kila kitu ndani ya fremu kilikuwa cha kweli isipokuwa maisha yaliyodokezwa na fremu hiyo.

Ufundi huo ulivuka bahari. Kuanzia 1999 wakala wa Saatchi & Saatchi waliitengenezea bia ya Guinness shujaa wa Afrika, Michael Power, aliyeigizwa na Cleveland Mitchell. Kwenye televisheni, redio na mabango ya Nigeria, Ghana, Kamerun, Kenya na kwingineko, Power aliokoa watu, akawashinda wahalifu, kisha akanywa. Mwaka 2003 alipata hata filamu nzima, Critical Assignment, akiwa mwandishi wa habari anayepambana na wala rushwa katika mradi wa maji safi. Kwa Afrika ya wakati ule, kumwona mtu mweusi akiwa shujaa wa tangazo ghali, si mbeba mizigo wa mtalii wala mtoto mwenye njaa, kulikuwa na uzito wake, na uzito huo usibezwe.

Hata hivyo mkasi ulikuwa uleule. Mhusika hakupewa kabila. Kwa hiyo hakuwa Mwigbo, wala Mwashanti, wala Mluo, wala Mkikuyu. Hakuna mteja wa Lagos au Kisumu ambaye angeweza kuuliza huyu ni wa upande gani. Bara zima lilipewa shujaa mmoja kwa kumnyima kijiji, lugha ya nyumbani na jamaa. Hakuwa na mjomba wa kumwomba ada ya shule. Kampeni ilikoma 2006, lakini mfano huo, Mwafrika wa mjini asiyejulikana ni wa wapi, bado unatembea kwenye matangazo ya benki na mitandao ya simu Nairobi na Dar es Salaam.

Upande wa wanawake mkato huenda kinyume. Mwanamume wa tangazo hupokonywa jamaa. Mwanamke hupokonywa kila kitu kisicho jamaa. Mama wa tangazo la sabuni hana kazi ya kwenda asubuhi, hana rafiki, hana uchovu. Ana shati la mtoto tu, na doa. Uingereza ilianza Juni 2019 kutumia kanuni inayokataza dhana mgando za kijinsia zenye madhara, na miongoni mwa matangazo ya kwanza kuzuiwa, Agosti mwaka huo, lilikuwa la gari la Volkswagen. Wanaume walionekana wakielea angani na kufanya mambo makubwa, mwanamke akaonekana amekaa benchini kando ya kigari cha mtoto. Hakuna neno baya lililosemwa. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: nani amepewa mwendo, nani amepewa benchi.

Kauboi, kwa upande wake, alirudishiwa mwili na wale waliomjua. Mwaka 1976 televisheni ya Thames ya London ilirusha Death in the West, filamu iliyokatisha matangazo ya Marlboro kwa mahojiano na makauboi halisi wenye saratani au mapafu yaliyoharibika. Philip Morris ilikwenda mahakamani na filamu ikafungiwa, hadi nakala iliyovuja iliporushwa San Francisco mwaka 1982. Wayne McLaren, mpanda rodeo aliyewahi kupigwa picha za matangazo ya Marlboro, aliugua saratani ya mapafu na kutumia miaka yake ya mwisho kuwaonya vijana. Alifariki Julai 1992 akiwa na miaka 51. David McLean, aliyeonekana kwenye matangazo ya televisheni ya awali, naye aliuawa na saratani hiyo mwaka 1995.

Katika miaka ya 1990 idara ya afya ya jimbo la California iliweka mabango yake barabarani. Machweo yaleyale, kofia zilezile, farasi wawili wakienda taratibu. Wabunifu wake hawakuweka fuvu la kichwa wala takwimu za vifo, mambo ambayo mvutaji amekwisha kujifunza kuyapita bila kuyaona. Walichofanya ni kumpa kauboi rafiki, wakampa jina rafiki huyo, kisha wakamruhusu mpanda farasi aseme jambo moja: "Bob, nimelikumbuka sana pafu langu."