Ndege Inayotii Lugha ya Mama

Katika filamu za vita zilizopita katika mabanda ya video ya mkoa wetu wa Mara, sijui kama ipo iliyozungumzwa kwa muda mrefu kuliko Firefox. Ilitengenezwa mwaka 1982. Mwongozaji wake, ambaye pia ndiye mchezaji mkuu, ni Clint Eastwood. Huku kwetu ilifika kwa kanda, miaka kadhaa baadaye, enzi zile Tanzania Bara haina televisheni, wakati jenereta, runinga moja na mabenchi manne vilitosha kuitwa ukumbi. Mpaka leo, ukilitaja jina lake mbele ya wanaume wa makamo pale Mwigobero mjini Musoma, au katika stendi ya Bunda, utaona nyuso zinachangamka.

Msomaji ambaye hakuiona namsimulia kwa ufupi. Warusi wameunda ndege ya kivita isiyoonekana kwenye rada, inayokwenda kwa kasi ipitayo ile ya sauti mara tano na zaidi, na ambayo silaha zake hufyatuliwa kwa mawazo ya rubani. Wamarekani na Waingereza wanampeleka rubani aitwaye Mitchell Gant, mtu ambaye bado anasumbuliwa na vita vya Vietnam, aende akaiibe. Kisa kinatokana na riwaya ya Craig Thomas iliyotoka mwaka 1977, mwaka mmoja tu baada ya rubani wa kweli, Viktor Belenko, kutoroka Urusi na MiG-25 na kutua Hakodate, Japani. Thomas alikuwa mwalimu wa shule huko Uingereza kabla riwaya hiyo haijampa riziki ya kuacha chaki. Nalitaja jambo hili kwa fahari ya kazi yetu, na pia kwa sababu kiini cha kisa chake ni swali la kimwalimu: mtu hufikiri kwa lugha gani?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwauliza walioiona wanakumbuka nini. Jibu la kwanza halibadiliki. Wanakumbuka ndege nyeusi ikipita juu ya bahari hata maji yakapasuka nyuma yake. Wanakumbuka ilivyotua juu ya barafu ili itiwe mafuta kutoka nyambizi. Wanakumbuka ndege ya pili, pacha wake, ikiifukuza. Dereva mmoja wa lori wa Bunda aliniapia kwamba mwishoni Gant anatua kwao na kupokewa kwa shangwe. La hasha! Filamu inamalizika angali angani. Shangwe hizo, nadhani, zilikuwa za banda.

Lakini ndege hiyo hairuki mpaka filamu iwe imepita zaidi ya saa nzima. Katika saa hiyo tunawaona Warusi wanaomficha Gant, wanaomsafirisha, na wanasayansi walioiunda ndege yenyewe ambao sasa wanamsaidia aichukue: Baranovich, Semelovsky, Natalia. Karibu wote wanakufa, na wanajua kwamba watakufa. Gant mwenyewe anashangaa na kumwuliza Baranovich kwa nini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu, ambapo hofu inaonekana katika macho ya Eastwood kuliko katika maneno yake. Hata hivyo sijapata mpenzi mmoja wa filamu hiyo aliyenitajia jina la hata mmoja wa waliokufa. Si kosa la wapenzi peke yao. Filamu yenyewe, ikishapaa, haiwarudii tena. Inawatumia kama ngazi, kisha inaiacha ngazi chini. Huo ndio upungufu wake mkubwa, kuliko urefu ambao wengi huulalamikia.

Jambo la pili ambalo kila mtu analikumbuka ni lile sharti: ufikiri kwa Kirusi. Katika pambano la mwisho Gant anataka kufyatua kombora la nyuma, na ndege haitii. Kisha anakumbuka kwamba anafikiri kwa Kiingereza. Anabadilisha lugha kichwani na kombora linatoka. Sisi tuliofundisha kufundisha hatuwezi kuliangalia tukio hilo kwa utulivu. Mtoto wa Butiama huanza na Kizanaki, wa Tarime Kikurya, wa Majita Kijita. Shuleni anakutana na Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza anaambiwa kuanzia leo fikiri kwa Kiingereza. Kombora halitoki, nasi tunaandika katika ripoti kwamba mtoto ni mzito. Mwaka huohuo wa 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Nilipomweleza hivyo mwalimu mmoja wa hisabati, kijana wa Butiama, alinigeuzia kibao. "Mzee," alisema, "ndege ni ya Warusi, ndiyo maana inasikia Kirusi. Ukitaka kuendesha mashine ya mwenyewe, jifunze kufikiri kwa lugha ya mwenyewe." Hoja hii si ya kupuuzwa. Hata Mwalimu Nyerere, aliyemfasiri Shakespeare ili kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Ila kijana wangu alisahau jambo moja lililomo ndani ya filamu yenyewe: mama yake Gant ni Mrusi. Lugha iliyomwokoa hakuipata darasani. Aliipata kwa mama, na ndiyo sababu ilipatikana pale palipokuwa hapana nafasi ya kutafsiri. Tena walioiunda ndege waliiunda kwa lugha yao. Anayefundishwa kuendesha tu, siku zote atafikiri kwa lugha ya muundaji.

Sasa nifike kwenye kumbukumbu iliyonigusa kuliko zote. Mvuvi mmoja wa Mwigobero, mzee mwenzangu, alinisimulia kwa uhakika jinsi katika filamu hiyo ndege inavyotunguliwa na watu wake wenyewe. Hakuna tukio hilo katika Firefox. Lakini Musoma lilikuwepo. Katika vita vya Kagera, mwaka 1978, ndege tatu za jeshi letu zilitunguliwa hapa na walinzi wetu wa anga waliodhani ni za adui. Sisi na Uganda wote tulikuwa na ndege za ukoo wa MiG. Ukiwa chini na moyo unadunda, nani atakwambia ipi ni ipi? Pacha wawili wa kwenye filamu walikuwa mchezo wa studio. Wetu hawakuwa mchezo.

Hatuna filamu ya marubani wale, wala riwaya. Yule mzee hakuwa na mahali pa kuiweka kumbukumbu yake, akaipachika ndani ya kisa cha Mmarekani, na humo imekaa miaka yote. Wengine watasema kumbukumbu yake ni mbovu. Mimi nasema ni mhakiki kuliko mimi, kwa kuwa aliwarudisha wafu ambao filamu ilikuwa imewaacha nyuma. Thomas aliandika kitabu cha pili, Firefox Down, mwaka 1983, akaendelea na kisa cha ndege yake ya kubuni. Ndege zetu tatu zilikuwa za kweli, na wanaozikumbuka wanapungua kila mwaka. Kijana wa Mara atakayekaa na wazee waliosalia, akaandika walichokiona angani siku ile, na afikiri kwa lugha yoyote atakayoipenda. Ila wazee watamjibu kwa ile waliyomlilia Mungu nayo.