Maneno Yalipoingia Mwisho: Jinsi Talking Heads Walivyounda "Once in a Lifetime"

Wachambuzi wengi huusoma wimbo "Once in a Lifetime" kama kejeli kwa tabaka la kati la Marekani: mwanamume mwenye nyumba, gari na mke anazinduka na kujiuliza amefikaje hapo. Usomaji huo si wa kutupwa. Tatizo ni kwamba unaanzia kwenye maneno, na maneno ndiyo yaliyoingia mwisho.

Mwaka 1980 Talking Heads, bendi ya New York, walikwenda studio ya Compass Point mjini Nassau, Bahamas, na mtayarishaji wao Brian Eno, bila nyimbo zilizokamilika mkononi. Afrobeat ya Fela Kuti ilikuwa imewakolea. Wakapiga vipande vifupi na kuvirudia kwa muda mrefu: Tina Weymouth kwenye besi, Chris Frantz kwenye ngoma, Jerry Harrison kwenye kinanda na gitaa. Kompyuta za kunakili kipande na kukizungusha hazikuwa za kawaida, kwa hiyo marudio yalikuwa jasho la mikono. Kisha, kwenye mitambo ya kuchanganyia sauti, wakaamua nini kisikike na nini kinyamaze. Hapo ndipo ubeti ulipotengana na kiitikio.

Aliyelelewa na muziki wa dansi hatashangaa. Anajua gitaa linaloshikilia kipande kimoja hadi wachezaji waloe. Kwa roki ya wakati ule lilikuwa jambo jingine. Usikilize besi peke yake: ubeti unakwisha, besi ni ile ile, kiitikio kinaingia, ni ile ile. Tunahisi tumepanda kwa sababu waimbaji wamepanda, ilhali chini hakuna kilichosogea.

Juu ya msingi huo David Byrne, mwimbaji, alianza na silabi zisizo na maana. Alitafuta kwanza sauti inayokaa kwenye mdundo, ndipo akasaka maneno ya kuijaza. Kwa ubeti aliazima namna ya wahubiri wa redio wa Marekani. Yeye na Eno walikwisha kuzichezea sauti za redioni katika albamu yao "My Life in the Bush of Ghosts", iliyotoka 1981. Mhubiri hurudia mwanzo wa sentensi, hutupa swali bila kungoja jibu, hupandisha pumzi. Ndiyo maana ubeti wa Byrne hauimbwi sana, unahubiriwa, na kiitikio cha maji yanayotiririka ndicho kinachoimbwa.

Sasa turudi kwenye maana. Mhubiri wa kweli angefika kwenye hukumu na wokovu. Huyu hafiki, na hawezi kufika, kwa kuwa besi haimpeleki popote. Byrne mwenyewe aliwahi kueleza kwamba alikuwa akifikiria jinsi tunavyoishi nusu usingizini, na kwangu hilo linaingia masikioni kuliko kejeli. Anayekejeli husimama kando na kucheka. Sauti hii imenaswa humo humo pamoja na anayeambiwa.

Albamu yenye wimbo huu, "Remain in Light", ilipotoka Oktoba 1980, Weymouth na Frantz walinung'unika juu ya namna majina ya watunzi yalivyoandikwa. Sina shida kuwaelewa: kipande kinachomfungia yule mwanamume ndani ya maswali yake kilipigwa kabla Byrne hajapata neno hata moja.