Barua Taka, Ripoti, Mamlaka na Kichwa: Istilahi Nne za Kupimwa Upya

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Mitandao mwaka 2015, maofisa na wafasiri wamekuwa wakiandika maelekezo kwa wananchi kuhusu barua pepe za kilaghai. Nia yao ni njema. Lakini baadhi ya istilahi wanazozitumia zimefuata mno umbo la Kiingereza, nazo huweza kumpotosha mwananchi saa ile ile anapohitaji msaada. Hapa tutazipima nne.

Ya kwanza ni barua taka. Istilahi hii ni fupi, inatamkika, nayo imekwisha kuzoeleka. Kasoro yake ni upana. Taka ni kitu cha kutupwa. Tangazo la biashara lisiloombwa laweza kutupwa bila hasara. Bali barua inayojifanya imetoka benki na kudai namba ya siri ni ushahidi, na ushahidi hautupwi. Sheria yenyewe imezitenga dhana hizi: kughushi kumo katika kifungu cha 11, ulaghai katika kifungu cha 12, na ujumbe usioombwa katika kifungu cha 20. Yafaa barua taka ibakie kwa matangazo tu, na ile yenye hila iitwe barua ya ulaghai. Kuiita uvuvi, kwa kufuata tashbihi ya Kiingereza, hakutufai: mvuvi kwetu ni mtu wa kazi halali.

Ya pili ni ripoti. Kitufe chenye neno hili hupeleka habari kwa kampuni yenye programu, ili ichuje barua za namna hiyo. Hakifungui jalada polisi. Mwananchi aliyeibiwa akikibonyeza aweza kuamini kwamba amekwisha kushitaki, akakaa akingoja. Napendekeza tuseme arifu kwa kampuni, na toa taarifa kwa polisi, ambako mtu hupewa namba ya RB.

Ya tatu ni mamlaka. “Toa taarifa kwa mamlaka” ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Mamlaka zetu ni nyingi: ya Mapato, ya Bandari, ya Mawasiliano. Mwananchi aende ipi? Hata namba 15040, iliyotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano, imewekwa kwa ajili ya kupokea namba za simu za matapeli, si barua pepe. Tafsiri njema hutaja chombo: kwanza benki, ili izuie fedha zisitoke, kisha kituo cha polisi.

Ya nne, nayo ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, ni kichwa cha barua. Kila barua pepe hubeba mistari iliyofichika inayoonyesha mitambo iliyopitia, saa na tarehe. Jina la mtumaji laweza kughushiwa kwa urahisi. Mistari ile ndiyo humwezesha mpelelezi kufuata njia ya barua. Kifungu cha 20 kinakataza pia kuighushi. Sasa mwambie karani wa serikali, “Tuletee kichwa cha barua.” Yeye amefundishwa kwamba kichwa cha barua ni ule mstari unaoanza na “Yah:”. Ataunakili kwa uangalifu, aulete, kisha aifute barua kwa kuwa ni taka. Ametii kila neno, na mpelelezi hana kitu mkononi. Napendekeza kumbukumbu za njia: ni ndefu kidogo, lakini haigongani na istilahi ya ofisini.

Huenda mtu akasema kwamba istilahi zilizokwisha kuzoeleka zisiguswe. Hoja hiyo ina uzito katika fasihi na katika mazungumzo. Katika maelekezo ya kisheria haina, kwa sababu kosa la neno hulipwa kwa fedha za mtu mwingine. Basi kabla maelekezo hayajachapwa, asomewe mtu asiyejua Kiingereza, kisha aulizwe atafanya nini, na ataanzia wapi. Jibu lake ndilo kipimo cha tafsiri yetu.