Chale za Mfupani

Mwaloni Kirumba nilinunua panki la sangara. Kwa asiye wa Mwanza, panki ni kile kichwa na uti wa mgongo unaobaki viwanda vikishachukua minofu. Nikalipika mchuzi, sahani ikabaki na mifupa. Kwenye pingili moja palikuwa na mikwaruzo mitatu, myembamba kama unywele, imelala upande mmoja. Kisu kilipita hapo. Nilipitisha ukucha, ukanasa kidogo tu.

Tangu siku hiyo nawastahi mno wanaosoma mikwaruzo ya namna hii kwenye mifupa iliyogeuka jiwe. Ukitoka Mwanza kwa njia ya Ndabaka ukaikata Serengeti, unafika korongo la Oldupai, ambako Mary Leakey alikuta fuvu la kale lililoitwa Zinjanthropus mwaka 1959. Mifupa ya wanyama wa korongo lile ilisubiri mpaka mwaka 1981, watafiti Henry Bunn kwa upande wake, Richard Potts na Pat Shipman kwa upande wao, walipoonyesha kwamba baadhi yake ina chale za zana za mawe.

Hawakukisia. Fundi wa kazi hii hubonyeza juu ya mkwaruzo mpira laini kama ule wa madaktari wa meno, akapata kalibu. Ndani ya kalibu humimina gundi inayoganda, akapata nakala. Nakala hupakwa utando wa dhahabu na kuingizwa kwenye hadubini ya elektroni. Hapo mkwaruzo unageuka bonde. Jiwe kali huchimba bonde la herufi V, na kutani mwake huacha michirizi inayokwenda sambamba, maana ukingo wa jiwe una vijino. Jino la fisi huacha mfereji wenye kitako cha mviringo, bila michirizi. Mlaghai mkubwa ni mchanga uliokanyagwa na kwato: huiga kisu, ila michubuko yake ni ya juujuu na hutangatanga.

Na fundi huyu hujifunza kwenye nyama mbichi kwanza. Mtanzania Jackson Njau na mwenzake Robert Blumenschine waliwalisha mamba wa kufugwa, wakachunguza mifupa iliyosalia, na mwaka 2006 wakaeleza alama ya mamba: kishimo kilichogawanywa na mstari katikati, kwa kuwa jino lake lina ukingo.

Mwaka 2023 Briana Pobiner na wenzake walieleza habari za muundi wa binadamu wa kale kutoka Turkana, wa miaka milioni 1.45, uliohifadhiwa Nairobi. Alama zake 11 zililinganishwa na 898 zilizotengenezwa kwa majaribio. Tisa zikawa za jiwe. Mbili zikarudishwa kwa simba. Naipenda hesabu hiyo isiyomsingizia mtu jambo la mnyama.

Mwaka huohuo zikaja habari za Nyayanga, rasi ya Homa, upande wa Kenya wa ziwa letu la Viktoria. Viboko walichunwa pale kati ya miaka milioni 2.6 na 3 iliyopita, ziwa lenyewe likiwa bado halijazaliwa. Ubavu mmoja una mkato wa kina. Muundi wa kiboko mwingine una chale nne fupi, zimepangana sambamba, kama zile tatu za sahani yangu.