Mpangilio wa Nyimbo za Kwaya Kama Suala la Fani: Mfano wa Uvira

Uhakiki wa nyimbo za kwaya umezoea kuutenga wimbo mmoja mmoja. Mhakiki huichukua matini, akachambua muundo, mtindo na matumizi ya lugha, kisha akageukia maudhui. Utaratibu huo, ambao wanafunzi wa fasihi wanaufahamu kutokana na vitabu kama Ushairi: Nadharia na Tahakiki cha F.E.M.K. Senkoro (1988), una manufaa yake. Hata hivyo, kwaya inapopanda jukwaani haiimbi wimbo mmoja. Huimba nyimbo kadhaa kwa mfuatano uliochaguliwa, na mfuatano huo nao ni sehemu ya fani. Makala haya yanadai kwamba katika mji wa Uvira na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, maana ya wimbo wa maombolezo hutegemea sana mahali ulipowekwa, wakati mwingine kuliko maneno yake.

Ushahidi wa kwanza unatoka katika liturjia. Mwaka 1988 Vatikano iliidhinisha Misale ya Kirumi kwa Majimbo ya Zaire. Katika utaratibu wa kawaida wa Kirumi, toba hufanyika mwanzoni mwa Misa. Katika utaratibu wa Zaire, huja baada ya mahubiri na Kanuni ya Imani, na mara baada yake waumini hutakiana amani. Tuseme basi kwaya ina wimbo wa kuomba huruma. Ukiimbwa mwanzoni, ni sauti ya mtu anayejitakasa kabla ya kuingia. Ukiimbwa baada ya mahubiri, ni jibu la mtu aliyekwisha kusikia na kuchomwa moyo. Na kwa kuwa amani inafuata, toba hiyo inamwelekea pia jirani aliyeketi karibu. Matini ni ile ile, neno kwa neno, lakini mhakiki anayeisoma peke yake hawezi kuiona tofauti hiyo.

Makanisa ya Kipentekoste, ambayo misingi yake katika eneo hili iliwekwa na wamisionari wa Sweden na Norway katika miaka ya 1920, hayana misale ya kuwapangia. Mwongozaji wa ibada huziita kwaya kwa zamu: akina mama, vijana, watoto. Katika tamasha, kiongozi wa kwaya ndiye mwenye orodha. Uhuru wake ni mkubwa, na lawama ni zake pia.

Desturi iliyoenea ni kufungua kwa wimbo wa salamu, kuweka nyimbo nzito katikati, na kufunga kwa wimbo wa kuchezwa. Sababu zake si za kupuuzwa: sauti hupashwa kwanza kwa nyimbo nyepesi, na wasikilizaji wasirudi nyumbani wamevunjika moyo. Lakini matokeo yake ni kwamba maombolezo hubanwa baina ya nyimbo mbili za furaha. Kinanda hakijanyamaza, ngoma imekwisha kuanza, na aliyekuwa akilia anatakiwa kupiga makofi. Hapo maombolezo yamegeuzwa pambo la kuonyesha kwamba kwaya inaweza kuimba kila aina ya wimbo.

Mahali pengine kasoro hiyo ingekuwa ya kisanaa tu. Uvira haiko hivyo. Makobola, kusini mwa mji, watu waliuawa kwa mamia mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999. Agosti 2004, wakimbizi Wanyamulenge waliokuwa wamevuka mpaka waliuawa Gatumba, upande wa Burundi. Juni 2014 yalifuata mauaji ya Mutarule, katika bonde la Ruzizi. Misiba hiyo haiombolezwi na watu walewale, wala kwa lugha moja. Wimbo wa Kifuliiru, wa Kibembe au wa Kinyamulenge unaowataja waliokufa unaweza kusikika kwa jirani kama shutuma dhidi yake, hasa akiwa haelewi maneno na anasikia majina ya mahali tu.

Je, suluhisho ni kuimba kila kitu kwa Kiswahili? Mwandishi huyu haoni hivyo. Kiswahili ni lugha ya wote mjini hapa, na ndiyo nguvu yake. Lakini kumnyima mfiwa lugha aliyozungumza na marehemu wake ni kumfisha marehemu mara ya pili. Linalowezekana ni kupanga. Wimbo wa Kiswahili utangulie, ukiomboleza msiba ambao haukuchagua kabila. Mafuriko ya Aprili 2020, yaliyobomoa nyumba na kuua watu mjini Uvira, ni msiba wa namna hiyo. Hadhira ikishaomboleza pamoja, wimbo wa lugha ya mama uingie, na maana yake isemwe kwa ufupi kabla haujaanza. Kisha kuwe na kimya. Wimbo wa matumaini uje baada ya kimya hicho, usikifukuze.

Wapo watakaopinga kwamba ibada ya Kikristo haina budi kufungwa kwa tumaini. Hoja hiyo ina uzito, na Zaburi nyingi za maombolezo hugeukia sifa. Lakini hugeuka baada ya kulia kwa beti nyingi, na Zaburi ya 88 haigeuki kabisa: inaishia gizani. Waliokusanya Zaburi waliiacha ilivyo na kuipa nafasi yake miongoni mwa nyingine. Huo nao ulikuwa uamuzi wa mpangaji.

Kwa mtafiti, hitimisho ni la kimbinu. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), waliihusisha fasihi na utendaji wake. Kwa nyimbo za kwaya, hilo lina maana kwamba anayekusanya matini aandike pia wimbo uliotangulia na uliofuata, lugha zake, na muda wa kimya baina yao. Kwa kiongozi wa kwaya, orodha anayoiandika kabla ya tamasha ni utungo wake. Inastahili kupimwa kwa uzito ule ule anaoupa ubeti, maana ndani yake anaamua msiba wa nani utasikilizwa hadi mwisho.