Mdundo Uliodhaniwa Kelele

Kidole cha mgonjwa kina ngozi, nyama, mfupa, ukucha, damu inayoingia na damu inayorejea moyoni. Vyote hivyo hunyonya mwanga. Oksimita, kile kibanio kidogo ambacho wengi wetu tulikizoea wakati wa UVIKO-19, hupitisha mwanga katika mchanganyiko huo wote, kisha hutoa jibu kuhusu kitu kimoja tu: damu ya ateri imebeba oksijeni kiasi gani. Inaitengaje damu hiyo na vingine vyote? Siri imo katika mapigo ya moyo, na aliyeigundua alikuwa akihangaika kuyaondoa mapigo hayo katika vipimo vyake.

Msingi wa kazi ulijulikana mapema. Ndani ya damu, himoglobini iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Isiyobeba huwa nyekundu iliyofifia na kuelekea zambarau. Ya pili hunyonya zaidi mwanga mwekundu, ya kwanza hunyonya zaidi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Tatizo lilikuwa nyama iliyoizunguka damu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Glenn Millikan aliunda kifaa cha kuvaa sikioni kwa ajili ya marubani. Baadaye Earl Wood akakiongezea kijifuko cha hewa kilicholibana sikio mpaka damu ikatoka. Ukipima sikio lisilo na damu, kisha ukaliachia na kupima tena, tofauti ya vipimo hivyo ndiyo damu. Hesabu ilikuwa sahihi, ila kifaa kilikuwa na usumbufu, na sikio lilihitaji kupashwa joto ili damu ya ateri itawale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, Japani, alikuwa na kazi nyingine kabisa. Alitaka kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo. Rangi hudungwa mshipani, kisha mwanga wa sikioni hufuatilia jinsi inavyokolea na kufifia. Alitarajia mchoro wenye mkunjo laini kama kilima. Aliopata ulijaa vijimeno, kimoja kwa kila pigo la moyo. Ili kuviondoa, alitumia mwanga wa aina mbili na kuzisawazisha nguvu zake hadi vijimeno vya upande mmoja vikavifuta vya upande wa pili. Vilifutika, lakini si daima: kiwango cha oksijeni kilipobadilika, vilirudi.

Hapo ndipo penye kiini cha ugunduzi. Mwingine angeendelea kurekebisha mizani yake kila vijimeno viliporudi. Aoyagi alijiuliza kwa nini vinarudi. Ikiwa mizani huharibika oksijeni inapobadilika, basi uhusiano wa vijimeno vya pande hizo mbili ndiyo habari ya oksijeni yenyewe. Tena, kinachodunda sikioni ni damu ya ateri, kwa kuwa ngozi, mfupa na nyama havidundi. Kazi aliyoifanya Wood kwa kijifuko cha hewa, moyo huifanya wenyewe: hujaza na kupunguza damu katika kila pigo, bila mtu kubanwa popote. Mwaka 1974 wazo hilo lilitangazwa Japani.

Kifaa cha leo kinafuata njia hiyohiyo. Upande mmoja wa kibanio una taa mbili ndogo, nyekundu ya nanomita 660 hivi na ya infraredi ya nanomita 940 hivi. Upande wa pili una kipokezi. Taa hupokezana kuwaka mara mamia kwa sekunde, na kati yake huachwa nafasi ya giza ili mwanga wa chumbani upimwe na kutolewa. Sehemu inayodunda ni ndogo mno, aghalabu asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wote unaopokelewa. Kwa kila taa, sehemu hiyo hugawanywa kwa sehemu iliyotulia. Kisha jibu la nyekundu hugawanywa kwa jibu la infraredi.

Tuchukue mfano. Mwanga mwekundu unadunda kwa 1 katika 100, infraredi kwa 2 katika 100. Uwiano ni 0.5. Kanuni inayotumika sana kufundishia husema: chukua 110, toa 25 mara uwiano. Tunapata asilimia 97.5, kipimo cha mtu mzima wa afya. Uwiano ukifika 1, jibu ni 85. Ndiyo maana mgonjwa anapotetemeka na taa zote mbili zikachezeshwa sawasawa, namba kwenye kioo huweza kuvutwa kuelekea 85 ingawa damu yake haina shida.

Lakini hizo 110 na 25 zimetoka wapi? Fizikia pekee haikutosha, kwa kuwa mwanga hutawanyika ovyo ndani ya nyama. Watengenezaji huchukua watu wazima wenye afya, huwavutisha hewa yenye oksijeni pungufu hadi damu ifike karibu asilimia 70, huwatoa damu ya ateri na kulinganisha. Kwa hiyo kila namba kwenye kioo ni ulinganisho na vidole vya watu hao. Chini ya 70, kifaa kinakisia.

Hapa ndipo sisi wenye ngozi nyeusi tunapohusika moja kwa moja. Mgawanyo ule wa sehemu inayodunda kwa sehemu iliyotulia ulitarajiwa kuifuta ngozi katika hesabu. Onyo kwamba haifutiki kabisa lilichapishwa tangu 1990. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa, kati ya vipimo ambavyo oksimita ilionyesha asilimia 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi vilikuwa chini ya 88 kwa kipimo cha damu. Kwa Wazungu ilikuwa 3.6. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 kuhusu oksimita uliridhika na majaribio ya watu 10, wawili wao wakiwa na ngozi nyeusi.

Na si ngozi pekee. Piko na rangi nzito ya kucha huweza kuzuia mwanga. Aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huweza kuonyesha 98 huku akifa, kwani himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksidi huonekana kwa taa hizo kama iliyobeba oksijeni.

Sisemi tukiweke kando kifaa hiki. Kimeokoa watu wengi mno. Nasema tukitendee kama Aoyagi, aliyefariki Aprili 2020, alivyoutendea mchoro wake. Tofauti hii ya ngozi ndiyo vijimeno vya zama zetu. Anayenunua oksimita kwa ajili ya hospitali zetu adai kwenye zabuni matokeo ya majaribio kwa ngozi nyeusi, na muuguzi anayeona 94 kwa mgonjwa anayehema kwa shida auamini kwanza upumuaji anaouona, kisha adai kipimo cha damu.